Mkaguzi wa Kuta Zilizoanguka

Ukuta ukianguka mahali popote kati ya Tunduma na Itaka, aliyeitwa kwanza alikuwa mwenyekiti wa kijiji, wa pili Mkaguzi, na kama kuna aliyeumia, wa tatu ndiye mganga. Huo ulikuwa utaratibu wa miaka ile, na sikumsikia mtu akiulalamikia. Mkaguzi alikuja kwa baiskeli, suruali ameifunga kifundoni kwa kamba ya mkonge, mfuko wa turubai mgongoni. Kazi yake wilayani ilikuwa kuangalia majengo ya vijiji: shule, zahanati, maghala, nyumba za walimu. Jina lake nadhani walilijua ofisini kwake. Sisi tulimwita Mkaguzi, na mkewe naye alimwita hivyo hivyo, hata anapomwita aje kula.

Mimi nilimfahamu kwa sababu sikukaa mahali pamoja. Shule niliiacha darasa la tano. Nikashusha mizigo ya malori Tunduma, nikachuma kahawa Mbozi, nikafyatua matofali katika kila kijiji kilichokuwa kinajenga, na wakati ule wa kuhamia vijiji vya ujamaa kila kijiji kilikuwa kinajenga. Popote nilipokwenda, siku moja baiskeli ile ilitokea. Nikajizoeza kuacha kazi yangu na kumfuata, maana sijaona tena mtu anayetazama kitu kilichoharibika kwa utulivu namna ile.

Kwanza, hakutazama kifusi. Alikipa mgongo, akakaa juu ya chochote, akasema, "Leteni vyombo vya kazi. Vyote." Watu walileta timazi, pimamaji, kamba, mwiko, ndoo, na kalibu, yaani kile kisanduku kisicho na kitako ambacho udongo hushindiliwa ndani ukatoka umbo la tofali. Alivipanga kwenye nyasi kama mtu anayepanga chakula cha wageni, kisha akaanza.

"Hili ni koleo lile lile la mwaka jana?"

"Lile lile, Mkaguzi."

"Na mpini?"

"Mpini tumebadilisha, ulivunjika."

"Basi si lile lile."

Aliweza kukaa asubuhi nzima kwa maswali hayo. Wenye haraka walichoka, wakaanza kumnong'oneza wanachotaka akiandike. Nakumbuka kijiji kimoja jirani na Vwawa ambako mlango wa ghala ulikataa kufunga, na balozi mmoja wa nyumba kumi akamsogelea sikioni: "Mkaguzi, tusizunguke. Ni huyu seremala. Anakunywa pombe ya komoni tangu saa nne asubuhi."

"Mwaka jana alikuwa anakunywa saa ngapi?"

"Saa nne hiyo hiyo."

"Na milango ilifunga?"

"Ilifunga."

"Basi usiniambie nani. Niambie nini."

Hilo nililisikia kwake mara nyingi kuliko salamu. Alikuwa anaamini kwamba mtu aliyejenga kuta nyingi zikasimama hawezi kuisahau kazi yake kwa usiku mmoja. Watu hawageuki upesi hivyo, alisema. Chombo ndicho kinachogeuka, tena kinageuka kimyakimya, na mwenyewe anaendelea kukitumia kwa imani ile ile.

Hata nje ya kazi yake hakuweza kujizuia. Kulikuwa na mwokaji mikate pale Tunduma, Mzee Salumu, mtu wa Kondoa, ambaye mikate yake ilianza kutoka mibichi katikati. Alikwisha kumfukuza mchoma kuni, akamlaani muuza ngano. Mkaguzi alipita kunywa chai, akayaona makopo ya kuokea.

"Haya umeyatoa wapi?"

"Ng'ambo, Nakonde. Ya zamani yalitoboka."

"Yana kina zaidi. Moto haufiki kati kwa muda ule ule."

"Aa, Mkaguzi nawe! Kopo ni kopo."

"Haya. Nipe mkate mmoja uliookwa humu, na mmoja wa kopo la zamani kama lipo lililobaki."

Akaila yote miwili, taratibu, Mzee Salumu amesimama mbele yake akingoja hukumu. Kisha akajifuta mdomo. "Mrudishe mchoma kuni wako," akasema, akapanda baiskeli.

Fundi cherehani mmoja naye alishona sare za shule zikawabana watoto wote. Mkaguzi aliinyoosha futi kamba ya fundi mezani, kando ya rula ya chuma aliyokatia kitambaa. Kamba ile ya kupimia watoto ilikuwa imevutika kwa miaka ya kutumika. Yule fundi alilia. Alikuwa ameanza kudhani kwamba macho yake yanakufa.

Lakini nisimfanye kuwa mtu mwema kuliko alivyokuwa. Alikuwa mkali kwa watu wadogo na mpole kwa wenye ofisi. Mbele ya katibu kata sauti yake ilishuka, mikono ikaenda nyuma. Chai isiyo na sukari aliirudisha, hata miaka ile sukari ilipokuwa haipatikani na mwenye nyumba amekopa majani jirani. Aliogopa mbwa mno. Nyumba yake mwenyewe ilivuja, dirisha moja limefungwa kwa bati, na mkewe alipomtania kwamba amwite mkaguzi, hakucheka. Hakupenda kuulizwa lolote juu yake. Ukimuuliza ametoka wapi, alikwambia, "Wilayani," kana kwamba alizaliwa ofisini.

Alipenda vipimo vipya. Serikali ilipoacha futi na inchi tukaingia mita na sentimeta, wazee wengi walinuna. Yeye alifurahi kama mtu aliyepata mwana. Alisema sasa nchi nzima itajenga kwa kipimo kimoja, na tofali la Itaka litakaa juu ya tofali la Tunduma bila ubishi. Nadhani furaha hiyo ndiyo iliyomponza.

Kijiji kimoja upande wa Itaka kilikuwa kinajenga zahanati. Nilikuwepo msimu ule, nafyatua matofali. Fundi mwashi alikuwa Lazaro, mtu wa hapo hapo, mrefu, mwimbaji wa sauti ya nne kanisani, ambaye kuta zake zilijulikana hadi barabara kuu. Ukuta wa zahanati ulikuwa mnene: safu ya nje na safu ya ndani zikipanda pamoja. Kila baada ya mistari michache fundi hulaza tofali za kukatiza, kichwa kimoja safu ya nje, kingine safu ya ndani. Hizo ndizo zinazofanya safu mbili ziwe ukuta mmoja.

Matofali yaliletwa na nyumba kumi kumi, kila balozi na watu wake. Waliomaliza mapema walidai matofali yao yakae upande wa nje, yaonekane kwa wapita njia. Mwenyekiti akaona ni haki. Waliochelewa wakapangiwa ndani. Hakuna kijiji kingine nilichoona kikijenga kwa heshima ya namna hiyo, na wakati ule niliiona nzuri.

Katikati ya kazi kalibu za mbao zilikuwa zimeoza. Siku moja likaja lori la wilaya na kalibu mpya za chuma, nzito, zimepakwa rangi nyekundu. Mkaguzi alikuwa ameketi mbele na dereva. Alishuka, akaipiga moja kwa kidole ikalia, akatabasamu, akapanda tena, maana mvua zilikuwa zinakuja na alikuwa na vijiji vingine vya kugawia. Sisi tulioshusha tulimwona. Lazaro naye alimwona, na alimpungia mkono.

Kalibu zile zilipimwa kwa sentimeta. Tofali lake lilikuwa pungufu kidogo kwa kimo, kiasi cha unene wa kidole cha mwisho. Ukiyashika matofali mawili kwa mikono miwili hujui. Lakini waliochelewa ndio waliotumia kalibu za chuma, na matofali yao yalikwenda safu ya ndani. Ukuta ulipofika usawa wa madirisha, mistari ya ndani ilikuwa imeachwa chini na ya nje. Tofali la kukatiza halikupata pa kulala. Lazaro aliziba kwa udongo, akamwambia mwenyekiti matofali hayalingani. Mwenyekiti akamwambia kuna mgeni anatoka mkoani kufungua jengo, na matofali ni matofali, ziba uende juu. Akaziba, akaenda juu.

Ulianguka mchana baada ya mvua, upande wenye pembe tatu ya paa. Ulimfunika mama mmoja aliyekuwa anamimina maji kwenye shimo la udongo. Tulipomtoa alikuwa ameshafariki.

Jioni hiyo Lazaro alifungiwa stoo ya kata. Neno lililokuwa linasemwa ni hujuma. Wasiolijua neno hilo miaka ile hawawezi kuelewa uzito wake. Mtu akishabandikwa hujuma, hata ndugu zake walianza kupita njia nyingine.

Mkaguzi alipofika alikaa, akakipa kifusi mgongo, akaomba vyombo. Tukaleta. Timazi, akaliulizia. Kamba, akaiulizia. Ilipofika kalibu ya chuma aliishika magotini muda mrefu, hakuuliza kitu. Kisha akatoa mfukoni rula yake, akapima, akatafuta kifusini tofali la zamani, akapima. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona shingo yake ikitoka jasho, na kulikuwa na baridi.

Mkutano ulifanyika pale pale. Mume wa marehemu alikuwa amekaa mbele, amejifunika blanketi. Mkaguzi alisimama akaeleza habari ya mistari ya nje na ya ndani, vizuri, polepole, hata vikongwe wakaitikia kwa kichwa kwamba wameelewa. Akamaliza: "Fundi hana kosa. Kalibu ndiyo yenye kosa."

Mzee mmoja akainua mkono. "Na kalibu zimetoka wapi?"

"Zimetoka wilayani."

"Wilayani kwa nani?"

Mkaguzi akamtazama katibu kata. Katibu kata akatazama saa yake.

"Wilayani," Mkaguzi akarudia.

Balozi mmoja akasema kwa sauti, "Basi tuifunge jela kalibu." Wachache wakacheka, wakanyamaza walipomwona mwenye blanketi.

Lazaro aliachiwa. Tulishangilia kidogo, tukadhani limekwisha. Lakini watu hawawezi kuishi na kosa la kipande cha chuma. Wanataka mkono. Na mkono uliokuwa karibu ulikuwa ule uliolaza yale matofali. Hakuna aliyemwita Lazaro kujenga tena, hata jiko. Kwaya nayo ikajifunza kuimba bila yeye. Alihamia shamba lake la kahawa mlimani, na nilisikia aliwakataza wanawe wasishike mwiko wa kujengea maisha yao yote. Neno moja la Mkaguzi lingemrudishia jina lake: kwamba kalibu alizileta yeye, akazigawa katikati ya ujenzi, asimwambie mtu kwamba kipimo kimebadilika. Lakini neno hilo hilo lingemwingiza yeye stoo.

Alichofanya badala yake ni kuzisaka kalibu. Alizunguka kijiji kwa kijiji na baiskeli yake, akizikusanya zile za chuma na kuzipeleka kwa mhunzi zifuliwe majembe. Moja haikuonekana. Tangu hapo kila tulipokutana, kabla ya salamu, aliniuliza kama katika kuzunguka kwangu nimeiona. Alisema mahali fulani inafyatua tofali bovu, na mahali fulani ukuta unangoja mvua. Alikonda. Alianza kunywa chai bila sukari.

Miaka ikaenda. Alistaafu, akapanga chumba Tunduma nyuma ya maegesho ya malori. Mkewe alikuwa ametangulia. Nami nilikuwa nimerudi kupakia mizigo hapo mpakani, na asubuhi moja nilimkuta kwenye kibanda cha chai akibishana na dereva wa Kizambia juu ya spana.

"Bamudala," dereva anamwambia, yaani mzee kwa lugha ya kwao, "spana yangu, lori langu."

"Nati si yako. Nati ni ya inchi, spana ya milimita."

Nikamvuta pembeni. Nilikuwa nimetoka Chitete wiki ile. Nikamwambia, "Mkaguzi, nimeiona."

Hakuuliza nini. Alisimama, akaacha chai.

Tulipata lori linalokwenda kuchukua mahindi. Barabara ya Chitete ni ya kuvunja mifupa, naye alikuwa mzee sasa, lakini hakuguna. Kalibu yenyewe ilikuwa nyuma ya nyumba ya mjane mmoja, kuku ameatamia ndani yake, rangi nyekundu bado inaonekana kwenye pembe. Mkaguzi aliitazama kidogo tu. Aliyokuwa anaitazama ni ile nyumba.

"Mama," akamwita yule mjane, "nyumba hii umejenga kwa kalibu hiyo?"

Mama alitukagua kwanza. "Nyie ni watu wa kodi?"

"Hapana, mama. Tunapita."

"Watu wa kodi nao husema wanapita. Ndiyo, kwa hiyo hiyo. Kaka zangu walifyatua."

"Matofali yote? Hamkuchanganya na mengine?"

"Mengine ningeyatoa wapi, baba? Ndiyo tuliyokuwa nayo."

"Haijapasuka?"

"Jirani yangu huyo ameshajenga mara mbili. Mimi hapa napaka chokaa tu."

Akaomba ruhusa, akatoa uzi mfukoni, akafunga jiwe, akauning'iniza kwenye pembe ya nyumba. Uzi na ukuta vilikwenda pamoja hadi chini. Akaenda pembe ya pili, ya tatu, ya nne. Yule mama akanijia. "Mzee wako ni mgonjwa?" Nikamwambia hapana. Sikuwa na hakika.

Alikaa chini, mgongo ukutani. Miaka yote ile alikuwa amekiambia kijiji, na nafsi yake, kwamba chuma kile kilikuwa na kosa. Sasa kilikuwa kimejenga nyumba iliyosimama.

"Kalibu haikuwa na kosa," akasema. "Ilitosha niwaambie. Msizichanganye. Nilikuwa na haraka ya mvua." Kisha akauliza, "Lazaro bado yupo?"

"Yupo."

"Nipeleke."

Tulimkuta Lazaro kwenye vichanja akigeuza kahawa juani, wanawe wawili wakubwa wakimsaidia. Mvi zilikuwa zimemjaa. Alimtambua Mkaguzi mara moja, akafuta mikono, akatukaribisha kwa adabu ya watu wa kule: vigoda, maji ya kunawa, habari za safari, habari za mvua. Mkaguzi alijibu zote. Kisha alisimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame.

"Fundi," akasema, "kalibu zile nilizipima mimi. Nilizileta mimi. Sikukwambia zimebadilika. Siku ya mkutano nilijua, nikanyamaza."

Wale vijana waliacha kugeuza kahawa. Mkubwa akamtazama baba yake. Lazaro aliendelea kuokota punje mbovu, moja moja, akizitupa kando.

"Nilikuona kwenye lori," akasema. "Ulikuwa umefurahi sana siku ile."

"Najua uliniona."

"Basi mimi huniambii kitu kipya, Bwana Mkaguzi. Nilijua tangu ukuta haujamaliza kuanguka." Hakupandisha sauti. "Wasiojua ni wao huko chini. Yaseme kanisani, Jumapili, baada ya matangazo. Mume wa marehemu hukaa benchi la mbele."

Mkaguzi alitazama bondeni, kwenye bati la kanisa. Nilidhani ataomba tumpelekee mwenyekiti ujumbe, au atasingizia afya yake, au lori. Lori lilikuwa linatungoja njia panda, na mimi nilikuwa nimeshasimama.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Mkaguzi akamuuliza Lazaro yeye atalala wapi hadi Jumapili.